Mmea wa Maramba na Duara la Mawe

Mpaka leo, nikisikia harufu ya asali iliyochanganyika na udongo mbichi, vinyweleo vya mikono vinanisimama kabla sijajua kwa nini. Ndiyo harufu ya uani kwetu Raskazone, mwaka nilipokuwa darasa la nne. Tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya zamani, yenye kuta nene na madirisha marefu ya mbao, nyumba ambayo mwenyewe aliishi Dar es Salaam na alikuja mara chache kuitazama. Baba alikuwa mlinzi pale hadi alipofariki. Baada ya matanga, mwenye nyumba alimwambia mama abaki, afagie, afungue madirisha ili mbao zisioze, na aitunze bustani. Basi tukabaki watatu: mama, dada yangu Zuhura aliyekuwa ameshamaliza shule, na mimi, mtoto ambaye majirani walidhani ni bubu. Sikuwa bubu. Maneno yangu yalichelewa tu njiani, na yalipofika mdomoni, watu walikuwa wameshahamia kwenye jambo lingine.

Mmea wenyewe ulitoka Maramba, kwa bibi mzaa mama. Jina lake la kitabuni silijui. Bibi aliuita ndevu za babu, kwa sababu maua yake meupe yakishapukutika, mbegu huota manyoya laini ya rangi ya majivu, na ukiyatazama kwa mbali utadhani kizee amejilaza juu ya kichaka. Ni mmea wa porini, unatambaa, lakini hauna vikono vya kushikia kama mmea wa boga. Kijiti cha jani ndicho kinachojikunja na kukaba chochote kilicho karibu, iwe waya, iwe tawi, iwe mmea mwenzake. Bibi alikuja nao masika moja, kipande cha shina chenye mizizi michache, kimeviringwa katika ganda la mgomba lililolowa. Alishuka basi akilalamika kichwa kinamuuma, akachuma jani moja katika kile kipande, akalifikicha na kulinusa mpaka machozi yakamtoka, kisha akacheka. "Dawa hii haibembelezi," alisema. Akamfundisha mama namna ya kuutunza. Miguu yake ikae kivulini, kichwa chake kikae juani. Ukimaliza kutoa maua, ukatwe mpaka usawa wa goti, bila huruma, utachipua tena. Na anayeukata ashike kwa kitambaa, maana utomvu wake unaunguza ngozi kama maji ya moto.

Katikati ya ua wetu palikuwa na duara la mawe ya matumbawe, mawe yaliyochongwa vizuri, yamezama nusu ardhini. Hakuna aliyejua lilikuwa la nini. Mama alisema ni bustani ya maua ya Wazungu waliokaa nyumba ile zamani, na sote tuliamini, maana ndani ya duara udongo ulikuwa mlaini, mweusi, na haukukauka hata siku za jua kali. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kupanda, nini tena? Mama akaupanda mmea pale katikati. Kisha, ili miguu yake ipate kivuli kama bibi alivyoagiza, aliyang'oa yale mawe ya duara moja moja, akayarundika juu ya mizizi. Nilimsaidia kuyasukuma. Yalikuwa mazito kuliko yalivyoonekana, na chini ya kila moja palikuwa na baridi. Akasimika fito za mkoko mbili upande huu na mbili upande ule, akazikunja zikutane juu, ukawa upinde ambao mtu mzima angeweza kukaa chini yake.

Mwaka ule kaskazi ilikuwa kali. Majani ya uani yalikuwa yakivunjika ukiyakanyaga. Mchongoma wa mpakani uligeuka rangi ya kutu, asumini ya mama ikafia chunguni mwake, hata mpapai ulidondosha matunda yangali machanga. Mmea wa Maramba peke yake ulizidi kunenepa. Ulipanda upinde wote, ukafunika fito zisionekane, ukaanza kunyoosha shingo kuutafuta ukuta wa nyumba kubwa. Majirani walikuja kuomba vipande. "Mama Zuhura, unaupa nini huu?" waliuliza, na mama aliinua mabega kwa maringo. "Maji ya kuoshea mchele tu, na mkono wa mtu." Usione vyaelea, vimeundwa, aliongeza. Na kweli aliufanyia kazi. Lakini mimi nilitazama ule ukijani katikati ya ua uliokauka, nikawa siupendi. Kuna kushiba kunakotia shaka, kama mtoto wa nyumba yenye njaa ambaye mashavu yake hayapungui.

Wakati huohuo Zuhura alichumbiwa na kijana wa Kigombe. Watu wake walikuja kujitambulisha, wakala, wakashukuru, wakaondoka, lakini wifi mmoja alisikika getini akisema, "Kumbe nyumba yenyewe si yao, wanakaa banda la uani." Mama alikwenda akasimama mbele ya mmea wake, mikono kiunoni. Kuanzia siku hiyo alikuwa na neno moja: siku ya hina ya Zuhura, mwali atakaa chini ya upinde wa maua meupe, wanawake wa Kigombe watatandikiwa mikeka kuuzunguka, na watarudi kwao wakiwa na la kusimulia. Mmea ulianza kutoa vitumba, mama akavihesabu kama anayehesabu shanga za tasbihi. Nami nikapewa kazi ya kumwagilia kila jioni, ndoo na ndoo.

Nadhani ni kwa sababu nilikuwa sisemi ndiyo maana nilisikia. Ukimwaga maji kwenye udongo mkavu, yanalia kidogo kisha yananyamaza. Pale chini ya mawe yalinyamaza, kisha, wakati nimeshaanza kugeuka niondoke, yalilia tena, chini sana, kwa sauti nyembamba, kama mtu anayemimina maji katika mtungi ndani ya chumba cha mbali. Mara ya kwanza nilidhani ni bomba la jirani. Nikamwaga tena, nikainama, nikaweka sikio karibu na mawe. Hewa iliyopita katikati yake ilikuwa baridi na ilinuka kisima. Baada ya hapo niliona mengine. Mawe yalikuwa yameshuka. Yale niliyoyasukuma mwenyewe yakiwa usawa wa goti langu sasa yalikuwa usawa wa kifundo, na mama aliongeza udongo kila wiki bila kujiuliza ule wa kwanza umekwenda wapi. Kuku wetu, aliyekuwa na vifaranga, alikuwa akivipeleka kila mahali uani isipokuwa pale. Alifika mpaka ulipokuwa mstari wa duara, akainua mguu mmoja, akasita, akazunguka.

Nilimwambia mama akiwa anapembua mchele. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, lakini yalitoka machache.

"Mama, pale kwenye mmea maji yanaanguka."

"Maji hayaanguki, mwanangu. Yanaingia."

"Yanaanguka, mama. Chini mna kitu."

Zuhura, aliyekuwa akisukwa nywele na rafiki yake mlangoni, aliangua kicheko. "Leo kasema! Tutafute mwamvuli, mvua inakuja." Kisha akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mdogo wangu hataki niolewe. Anataka sherehe isiwepo, nibaki kumfulia sare." Mama naye akanivuta, akanifuta uso kwa kanga ingawa sikuwa nikilia. "Dada yako haendi kuzimu, anakwenda Kigombe." Tangu hapo kila nilichosema kuhusu mmea kilipewa jina moja: wivu. Nilijaribu tena siku chache baadaye. Nilichukua ufito mrefu, nikaupenyeza katikati ya mawe ili nimwonyeshe mama unavyoingia. Uliingia bila kugoma, nikausindikiza mpaka mkono wangu ukagusa mawe, halafu ukaniponyoka. Sikusikia ulipofika. Nilipokwenda kumwita mama na kumweleza, alitazama mawe, akatazama mkono wangu mtupu, akasema, "Sasa umenipotezea na ufito." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Hakuna aliyetufundisha litakalompata mkuu asiyesikia la mdogo.

Bibi aliwasili siku moja kabla ya hina, na mizigo ya ndizi na mdomo wake uliokuwa haupumziki. Jioni ile ua ulikuwa umefagiwa mpaka ukang'aa. Maua yalikuwa yamefunguka yote kwa pamoja, meupe, madogo, yenye nyuzi nyingi katikati, na nyuki walikuwa wakivuma ndani ya upinde kama mashine ya kusaga. Mama na wanawake wawili wa jirani walikibeba hadi uani kitanda kikubwa cha kamba, wakakipima chini ya upinde kuona kama kitatosha. Kilitosha. Miguu yake minne ilisimama juu ya udongo mlaini, ikazama kidogo. Mama mmoja mnene alikaa kukijaribu, akajirusharusha akicheka, "Mwali hapa atalala mpaka kesho kutwa!" Mimi nilisikia kitu kikidondoka chini. Kidogo tu, kama jiwe moja. Nilimtazama bibi. Bibi alikuwa akitazama maua.

"Umeutendea haki," alimwambia mama. "Lakini uwe macho usije ukanyauka kesho na jua hili. Mwali hawekwi chini ya kitu kilichonyauka. Ni mkosi. Bora akae jikoni."

"Huu haunyauki, mama. Huu haujui kiangazi," mama alijibu.

Nililala na maneno hayo. Nilikuwa nimesema kwa njia yangu, wakanicheka. Nilikuwa nimeonyesha, nikaulizwa habari za ufito. Sasa bibi, bila kujua, alikuwa amenipa lugha ambayo watu wazima wa nyumba yetu waliisikia. Nilimsikiliza Zuhura akipumua kando yangu kitandani, ananukia liwa na karafuu ya singo waliyomsugua, na kila nilipofumba macho niliuona ule ufito ukiniponyoka.

Baada ya adhana ya alfajiri, mama alipokuwa anasali, nilichukua mundu wa kukatia majani nikaenda uani. Sikukanyaga mawe, nililala kifudifudi nje yake, nikanyoosha mikono mpaka kwenye shina. Lilikuwa limenenepa kuliko kidole gumba cha mwanamume. Sikukumbuka kitambaa. Nililishika kwa mkono mmoja, nikakata kwa mwingine, nikivuta na kusukuma kama msumeno, na utomvu ukanitiririkia viganjani mpaka viwiko. Lilipokatika, upinde wote ulitikisika mara moja, kisha ukatulia, maua yake bado meupe, bado hayana habari.

Jua lilipopanda lilimaliza kazi. Kufikia saa nne majani yalikuwa yameinama, na adhuhuri maua yalining'inia kama karatasi iliyolowa na kukauka. Mama aliliona shina. Hakuuliza ni nani, maana mundu ulikuwa pale nilipouacha, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Alinipiga kofi moja, nami nikashukuru kwamba ni moja. "Umemfanyia nini dada yako?" alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira bali ya mtu aliyevunjiwa kitu asichoweza kununua tena. Zuhura alilia mpaka wanja ukamtiririka. Bibi alinitazama kwa muda, akasema neno moja tu: "Kitanda kiondoke pale." Kikaondoka. Kikapelekwa kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba kubwa, kwenye sakafu ya saruji.

Wanawake wa Kigombe walipofika, yule wifi aliutazama upinde uliokauka akasema kwa sauti ya kusikika, "Tulisikia tunakuja kuona maua. Tumeonyeshwa kuni." Bibi hakumngoja amalize kucheka. "Mkwe, hapa ua ni moja tu, na mnalichukua nyinyi. Mkitaka na kuni, bebeni, kwenu samaki hawajikaangi." Wakacheka wote, vigelegele vikapigwa, hina ikatolewa. Ilikuwa desturi mdogo wa mwali naye apakwe, akae kando yake. Nilipoitwa nilikataa kutoa mikono nje ya kanga, mpaka bibi aliponivuta. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Mpakaji wa hina akarudisha kijiti chake katika bakuli. "Huyu hapakiki," alisema. Zuhura alipakwa peke yake, na kilipobaki kiganja kimoja aligeuza uso asinitazame.

Na hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Siku ile ikapita, ya pili ikapita, harusi ikafungwa, Zuhura akaenda Kigombe, na ua wetu ukabaki vilevile, umelala, umefumba mdomo. Bibi alichomeka vipande vichache vya shina katika kopo, akarudi navyo Maramba. Mama alinipa chakula, alinifulia, alinituma dukani, lakini hakunisemesha zaidi ya hapo. Majirani walinitazama kama mtoto mwenye kijicho. Jioni nilikaa mlangoni nikitazama yale mawe, na siku nyingine, Mungu anisamehe, niliomba ardhi ipasuke, nipate kuaminiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Niliungoja mshindo huo mpaka nikaanza kudhani kweli nilikuwa na wivu.

Masika yalikuja kwa nguvu. Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika, na asubuhi ya tatu kuku alipiga kelele uani kama aliyeona kicheche. Tulitoka, mama mbele. Upinde haukuwepo. Mawe hayakuwepo. Palikuwa na shimo la duara, jeusi, lenye ukubwa wa kumeza kile kitanda na waliokizunguka, na udongo wa kingo ulikuwa ungali unadondoka ndani kidogo kidogo, na kila kilichodondoka kilichelewa kabla ya kulia. Pembeni, katika ukuta wa shimo, boriti za mkoko zilizooza zilichomoza kama mbavu. Mizizi ya mmea ilining'inia gizani, mirefu, kama nywele zilizofumuliwa. Fundi aliyeitwa baadaye alisema ni shimo la zamani la maji machafu, la kabla nyumba haijaunganishwa na bomba la mtaa. Walilifunika kwa boriti, wakamwaga udongo juu, wakaacha mawe ya mdomo wake yawe alama. Sisi tuliing'oa alama, tukairundika juu ya boriti, tukaimwagilia kila jioni. Bandu bandu huisha gogo.

Mama alisimama pale mvua ikimnyeshea, kanga imemganda mwilini. Aliniuliza bila kugeuka, "Ulisema yanaanguka?" Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono, akanirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani, hakuniachia. Mchana ule, mvua ilipokatika, alitwanga majani ya mhina wa jirani, akakamua ndimu, akakaa nami mlangoni. Akavigeuza viganja vyangu, akaviangalia yalipokuwa malengelenge, ngozi imerudi nyeupe yenye mabaka. Akavipaka. Alipaka taratibu, kila kidole, kama anayempaka mwali, na alipomaliza alivifunga kwa kitambaa akavipakata mapajani mwake. Hakusema samahani. Kwetu mama hasemi samahani kwa mtoto. Lakini Zuhura alipokuja kututembelea na kuona mikono yangu myekundu ilhali hakuna sherehe, alikwenda mwenyewe kulitazama shimo, akarudi akajifungia chumbani na mimi, akalia begani kwangu mpaka nikachoka kumbembeleza.

Mwenye nyumba alipopigiwa simu, fundi alimweleza kwamba shimo lazima lijazwe kifusi kuanzia chini. Akajibu liwekwe boriti na zege jembamba juu kwa sasa, mengine yatafuata. Muda si mrefu aliiuza nyumba, nasi tukahamia kwingine. Leo mama ana mmea wa Maramba kando ya jiko letu, uliotokana na kopo la bibi, na Zuhura anao Kigombe, umefunika ua wa makuti. Kila tunapopanda mche, kwanza tunamwaga ndoo ya maji na kunyamaza sote, hata watoto wa Zuhura, ambao hawajui kunyamaza kwa jambo lingine lolote. Maneno yangu bado yanachelewa. Lakini zamani nilidhani kazi ya mtu mkimya ni kusikia tu, na sasa najua kuna nusu ya pili ya kazi hiyo.

Wiki iliyopita nilipita Raskazone kwa bajaji. Nyumba kubwa imepakwa rangi, imekuwa ofisi. Ua wote umepangwa matofali ya saruji, na magari yameegeshwa, moja kubwa jeupe likiwa pale pale katikati. Matofali yanayolizunguka yalikuwa makavu, isipokuwa duara moja ambalo majani mabichi yalikuwa yamechipuka katikati ya viungo vyake. Nilimwambia dereva asimame. Mlinzi getini, kijana wa umri wangu, aliniuliza namtafuta nani. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka akaanza kutabasamu.

"Dada, umepotea?"

"Hapana," nilisema. "Naomba ndoo ya maji."